Andika Jina Nyuma ya Picha

Leo nataka tuzungumze juu ya picha. Sisemi picha za wanasiasa wala za wanamuziki, nasema zile zilizomo kwenye simu yako hapo ulipo, na zile zilizobaki kwenye albamu ya bibi yako kijijini: za ubatizo, za kipaimara, za harusi, za mazishi, za mtoto siku aliyokaa mwenyewe bila kushikwa. Neno langu ni moja na nitalisema mapema. Picha ya familia iliyo ya imani ni ushuhuda, na ushuhuda hauna nguvu kama shahidi hawajui kwa majina watu anaowashuhudia.

Nianzie mbali kidogo, Kongo.

Mwaka 1898 dada mmoja Mwingereza, Alice Seeley, aliolewa na John Harris, na siku chache tu baada ya harusi wakapanda meli kwenda Kongo kuwa wamisionari. Wakati ule nchi ile ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Kampuni alizozipa vibali ziliwalazimisha wanavijiji kuingia msituni kukinga utomvu wa mpira, na kijiji kilichopeleka pungufu kiliadhibiwa kwa viboko, kwa wanawake kushikwa mateka, kwa moto, kwa risasi. Alice alikwenda kule kufundisha watoto na kuhubiri Injili. Lakini alikuwa na kamera.

Mei 1904 alikuwa kwenye kituo cha misheni cha Baringa. Akafika mwanamume kutoka kijiji cha Wala, amebeba kifurushi kilichofungwa kwa majani. Mwanamume yule aliitwa Nsala. Ndani ya kifurushi mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake, mtoto wa miaka mitano hivi, jina lake Boali. Walinzi wa kampuni ya mpira iliyoitwa ABIR walikuwa wamemuua, yeye na mama yake. Alice akamwomba Nsala aketi barazani, na vile vilivyobaki vya mwanawe vikawekwa mbele yake. Akapiga picha. Katika picha ile Nsala hatutazami sisi. Anamtazama mtoto wake.

Picha hiyo na nyingine alizopiga zilikwenda Uingereza. Alice na John walizunguka mji kwa mji, ukumbi kwa ukumbi, kanisa kwa kanisa, wakiwa na taa yenye lenzi iliyotupa picha za vioo kwenye kitambaa cheupe ukutani, na watu waliokuja kusikia habari za misheni wakaona habari za mauaji. Marekani, mwandishi Mark Twain alitoa kijitabu mwaka 1905 ambamo alimwandikia Leopold maneno ya kubuni, na mfalme yule wa kitabuni analalamika kwamba kati ya mashahidi wote, kamera ndiyo iliyomshinda kuhonga. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo. Picha peke yake haikufanya kazi hiyo: walikuwapo waandishi, walikuwapo wabunge, na walikuwapo Wakongo wenyewe waliosimama mbele ya tume ya uchunguzi kueleza yaliyowapata. Lakini bila picha, watu wengi wangeendelea kusema kwamba hayo ni maneno ya wenye chuki na mfalme.

Sasa nisikilize vizuri, msikilizaji, maana hapa ndipo ninapotaka tuweke kambi. Imepita zaidi ya miaka 120, na mimi leo ninaweza kukutajia Nsala. Ninaweza kukutajia Boali. Ninaweza kukutajia kijiji. Kwa nini? Kwa sababu waliokuwa pale barazani waliuliza majina na kuyaandika. Mzazi yule hakugeuzwa kuwa mfano wa shida za Waafrika. Alibaki baba wa mtu fulani, kutoka mahali fulani.

Linganisha na picha nyingine za misheni za wakati huohuo. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Wengi wao walipiga picha, na tunawashukuru kwa dhati, kwa sababu bila wao tusingejua wazee wetu walivaaje wala kanisa la kwanza la nyasi lilisimama wapi. Maelfu ya picha hizo leo yamewekwa kwenye hifadhi ya intaneti inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Southern California kule Marekani, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzitazama. Mimi huzitazama sana, usiku watoto wakishalala. Na kila mara moyo huniuma mahali palepale. Chini ya picha mmisionari ameandikwa jina lake kamili na kituo chake cha kazi. Mama aliyesimama kando yake na mtoto mgongoni mara nyingi ameandikwa kuwa mwanamke wa Kichaga, au mwanamke Mkristo, au mama na mtoto. Basi. Alibatizwa kwa jina, jina lake likaandikwa kwenye daftari la ubatizo la usharika, lakini picha yake ikavuka bahari bila jina. Mahali fulani Machame au Marangu pana ukoo mzima ambao yule ni bibi wa bibi yao, na hata wakiikuta hiyo picha leo hawatamtambua.

Mtume Paulo angesikitika nasi. Fungua Warumi sura ya 16. Ni sura ambayo wahubiri wengi huiruka, na wasomaji wa somo la Jumapili huombea isiwaangukie wao kwa sababu ya ugumu wa majina yake. Paulo amemaliza mafundisho mazito kuhusu neema, anakaribia kufunga barua, na badala ya kuweka amina akaenda zake anaanza kuwataja na kuwasalimu watu mmoja mmoja. Fibi wa Kenkrea. Priska na Akila, mke na mume, na kanisa lililokutana nyumbani mwao. Persisi, aliyefanya kazi sana katika Bwana. Rufo, pamoja na mama yake Rufo, ambaye Paulo anamhesabu kuwa mama yake pia. Hata aliyeshika kalamu, Tertio, anapenyeza salamu zake. Hatujui sura za watu hao. Tuna majina tu, na neno moja moja juu ya kila mmoja: huyu alinitunza, huyu alihatarisha shingo yake, huyu alifungwa pamoja nami. Hayo hasa ndiyo maneno yanayostahili kuandikwa nyuma ya picha.

Sasa turudi nyumbani kwetu.

Wengi wetu tulikulia katika nyumba zilizokuwa na albamu moja. Ilikaa kwenye kabati la vyombo vya wageni, juu yake kitambaa kilichodariziwa na dada wa nyumba. Mgeni akifika, akishapewa maji, huku chai ikiendelea jikoni, anawekewa albamu mapajani. Na haikuwezekana kumwachia albamu peke yake. Lazima mtoto mmoja akae pembeni, aeleze: huyu ni baba mdogo, yuko Tabora, huyu ni shangazi siku ya kipaimara, huyu amefariki, hapa ndipo tulipokuwa tunasali kabla ya kujenga kanisa la tofali. Mtoto huyo alikuwa anasoma somo kubwa bila mwenyewe kujua. Alijifunza ukoo wake, alijifunza imani ilivyoingia nyumbani kwao na kupitia kwa nani, na alijifunza kuwataja marehemu kwa heshima.

Picha zenyewe zilikuwa chache kwa sababu zilikuwa ghali. Mkanda wa filamu ulitoa picha 24 au 36, na ukishanunua mkanda bado kuna gharama ya kuusafisha. Kwa hiyo familia ilikwenda studio kwa sababu maalumu. Zanzibar, katika Mji Mkongwe, Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 ilipiga picha za watu wa kila dini na kila tabaka kwa miongo mingi, na bara nako kila mji ulikuwa na studio zake zenye pazia lililochorwa maua, ndege au maporomoko ya maji. Baba amekaa kwenye kiti, mama amesimama ameweka mkono begani, watoto wamepangwa kwa urefu, wote wamekaza nyuso kama walioitwa mahakamani. Halafu, nyumbani, mtu mmoja mwenye mwandiko mzuri aligeuza picha na kuandika: jina, mahali, tarehe, na mara nyingi neno la ukumbusho kwa atakayepelekewa.

Leo tuna picha nyingi kuliko vizazi vyote vilivyotutangulia tukivijumlisha pamoja, na nina hofu kwamba wajukuu wetu watakuwa na chache kuliko sisi. Simu inaibwa daladalani. Inaangukia kwenye ndoo ya maji. Mtu anabadilisha laini, anasahau nywila, na miaka mitano ya maisha ya mtoto inapotea. Tunapiga harusi picha elfu mbili, tunalipia, mpiga picha anatukabidhi kwenye kifaa kidogo kama kidole, nacho kinawekwa droo ya funguo mbovu. Ukiuliza miaka saba baadaye, hakisomeki. Nimewasikia wajane wakisema picha ya mume waliyoipachika kwenye jeneza ndiyo pekee waliyo nayo ya karatasi, na hiyo imekatwa kutoka kitambulisho.

Ndiyo maana naomba Wakristo wachukue upigaji picha kwa uzito wa kazi ya nyumbani. Kila nyumba ya imani iwe na mtu mmoja anayependa kazi hii. Hahitaji kamera ya milioni. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilipotoa kamera iliyoitwa Brownie iliiuza kwa dola moja, ikawalenga hata watoto, na kwa kijisanduku kile watu wa kawaida kabisa walihifadhi historia ya nyumba zao. Simu yako ya kawaida ina uwezo mkubwa kuliko kisanduku hicho. Na tusidhani kwamba hili ni jambo la anasa lisilomhusu Mungu. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Bezaleli wa kabila la Yuda anatajwa kwa jina, na inaelezwa kwamba Mungu alimjaza roho wake kwa ajili ya kazi ya ufundi: kuchonga, kufua dhahabu, kukata vito. Fundi alijazwa Roho ili atengeneze kitu kizuri kwa mikono yake. Kijana wako anayeshinda akijifunza mwanga na kivuli anaweza akawa anaitika wito, wala hajapotea.

Niseme kidogo kuhusu mwanga, kwa kuwa ndio ufundi wenyewe. Watu wengi wanapiga picha za ubatizo saa sita mchana nje ya kanisa, jua likiwa utosini. Matokeo yake macho yote yanaingia kwenye vivuli na bibi kwenye picha anaonekana mkali, hali ni mtu mpole. Waingize kwenye kivuli cha mwembe au cha ukuta wa kanisa, nyuso zielekee upande wenye mwanga. Nyumbani, mketishe mama karibu na mlango uliofunguliwa, mwanga uje kutoka pembeni, na usitumie taa ya simu. Mtoto aliyevaa gauni jeupe la ubatizo ana tatizo lake: simu inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso wa mtoto unakuwa giza. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu kabla ya kubonyeza, ili simu ipime mwanga kwa uso, isipime kwa gauni.

Tatizo hilo lina historia ambayo Wakristo wa Afrika wanapaswa kuijua. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza jinsi filamu za rangi na mitambo ya kuchapia picha zilivyopimwa kwa miaka mingi kwa kadi yenye sura ya mwanamke Mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa sahihi. Ngozi nyeusi ikipigwa kwa filamu hiyo ilitoka kama doa, yakionekana meno na macho. Na anaeleza kwamba waliosaidia kuisukuma kampuni ya Kodak kurekebisha filamu walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba rangi za bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Kakao na mbao vilisikilizwa kabla ya uso wa mtu. Sisi tunaokiri kwamba kila mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu tuna sababu ya imani kabisa ya kujifunza kupiga vizuri uso mweusi, uonekane na rangi zake zote, na mikunjo yake, na ule mng'ao wa mafuta ya nazi asubuhi ya Jumapili. Na kwa sababu hiyohiyo nawasihi vijana waache zile programu zinazong'arisha ngozi na kuchonga pua. Mama yako hakuzaliwa na rangi ile. Usiwaachie watoto wako picha ya bibi ambaye hakuwahi kuwepo.

Kazi hii pia inajenga nyumba. Baba anayetoka na binti yake jioni, saa kumi na moja na nusu, jua likiwa limelala, wakatafuta jambo moja la kupiga, anapata mazungumzo ambayo mezani hayapatikani. Binti wa miaka 14 akiulizwa usoni habari za shule anajibu kwa neno moja. Mkiwa mmepiga magoti wote wawili mnatazama kinyonga kwenye ua, anaongea. Nimeliona hili katika familia nyingi za usharika wetu, na nimeliona nyumbani kwangu. Kamera inawapa watu wawili kitu cha tatu cha kutazama, na moyo unafunguka ukiwa hautazamwi.

Lakini kuna mambo mawili yananisumbua, na sitayaficha.

La kwanza ni kanisani. Siku hizi wakati wa kubariki ndoa waumini hawaoni bibi na bwana harusi. Wanaona migongo ya wapiga picha. Wamesimama hadi ngazi za madhabahu, mmoja amepanda kiti, taa zinamulika katikati ya sala. Nilikwishamwona mpiga picha akimwomba mchungaji arudie kumimina maji kichwani mwa mtoto kwa sababu pembe haikuwa nzuri. Ubatizo haurudiwi kwa ajili ya picha. Wazee wa kanisa na kamati za liturujia wakae na wapiga picha kabla ya ibada, wawaonyeshe mahali pa kusimama, na taa zizimwe. Mpiga picha mzuri atapata picha yake akiwa pembeni. Tena picha iliyopigwa kutoka pembeni, mama mzazi akifuta chozi huku hajui kwamba anaonekana, mara nyingi ndiyo inayowekwa fremu.

La pili ni kubwa zaidi, nalo linaturudisha kwa Nsala. Tunapokwenda kutoa msaada, iwe kikundi cha akina mama, jumuiya ndogondogo, vijana au kwaya, tunapiga picha. Mtoto yatima anapangwa mbele ya mfuko wa unga, anaambiwa atabasamu, na kabla hajafika nyumbani picha yake iko kwenye makundi ya simu zetu. Mgonjwa anapigwa kitandani, shuka limeteleza. Mzee anapewa blanketi na watu kumi, na wote kumi wanataka waonekane wamelishika. Bwana Yesu katika Mathayo sura ya 6 alitukataza kupiga tarumbeta mbele ya sadaka zetu, na sidhani kama tarumbeta ya sasa ni nyingine zaidi ya hii.

Mtu ataniuliza: je, Alice Harris hakupiga picha ya mtu mwenye msiba? Alipiga. Na wapo wasomi wanaolaumu namna picha zile zilivyotumika kumwonyesha Mwafrika kuwa mtu wa kuhurumiwa tu, na lawama hiyo ina uzito. Lakini angalia tofauti. Nsala alikuja mwenyewe, na alikuja na ushahidi, kwa sababu alitaka mtu aone alichotendewa. Alijulikana kwa jina. Na picha ile ilipigwa ili kumwaibisha mkosaji. Picha zetu nyingi za misaada zinamwaibisha aliyekosewa, zinamtukuza aliyetoa, na aliyepigwa hatukuuliza hata anaitwa nani. Kipimo changu ni rahisi: kama hujui jina la mtu na hukumwomba ruhusa, usimpige. Kama ni mtoto, mwombe mzazi au mlezi. Sheria nazo zimeanza kusimama upande huo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini Mkristo asisubiri sheria imfundishe kumstahi mtoto wa jirani. Kadhalika watoto wetu wenyewe: picha ya mtoto anaoga, picha ya mtoto analia baada ya kuchapwa, si za kuonyesha watu. Atakuwa mtu mzima siku moja, naye ana haki ya kuwa na siri zake.

Wapo ndugu wanaoogopa picha kwa sababu ya amri ya kutojichongea sanamu. Nawaheshimu, lakini amri ile inakataza kuabudu, na simjui mtu anayeiabudu picha ya shangazi yake.

Kuhusu kumbukumbu, Biblia iko wazi. Waisraeli walipovuka Yordani, Yoshua aliagiza mawe 12 yatolewe mtoni, jiwe moja kwa kila kabila, yakasimamishwa Gilgali. Sababu iliyotolewa ni kwamba watoto siku moja watauliza maana yake, na wazazi wawe na la kujibu. Mawe hayakuweza kusema yenyewe. Yalihitaji mzazi anayejua hadithi, akae karibu, aulizwe. Picha ni hivyohivyo. Picha ya babu yako akiwa na sare ya kwaya mwaka 1967 haitasema yenyewe kwamba kwaya ile ilitembea kwa miguu kutwa nzima kwenda kuimba kwenye uzinduzi wa kanisa jirani, wala kwamba yule kijana wa pembeni kushoto ndiye aliyekuja kumwoa shangazi yako. Kuna mtu mmoja tu anayejua hayo, ana miaka 80 na zaidi, na msimu huu wa baridi amekuwa akikohoa.

Kwa hiyo naomba ufanye hivi. Jumapili hii, baada ya ibada na chakula, itoe ile albamu. Kaa na mzee wako mahali penye mwanga. Washa kinasa sauti cha simu, kiweke mezani, usimharakishe. Mwonyeshe picha moja moja na umuulize: huyu ni nani, hapa ni wapi, alibatizwa na nani, alifanya kazi gani, alipendwa kwa jambo gani? Atakayoyasema yaandike nyuma ya picha kwa penseli laini, taratibu, maana kalamu ya wino hupenya na kukandamiza alama upande wa pili. Zile albamu zenye kurasa za gundi na nailoni ya kufunika, zitoe picha humo pole pole kabla gundi haijazila. Ziweke kwenye bahasha za karatasi, ndani ya bati lisiloingia unyevu, mbali na dari lenye joto. Zile zinazochakaa, zipige upya kwa simu kwenye kivuli, bila taa, na uwatumie ndugu zako wawili wanaokaa miji tofauti. Kisha chagua kwenye simu yako picha kumi za mwaka huu, nenda duka la picha kasafishe, rudi nazo, na uandike nyuma yake nani, wapi, lini.

Kama mzee wako yuko mbali, mpigie simu leo usiku kabla hajalala, umwambie unakuja na albamu.